Mfua Mashuka Aliyeomba Aonyeshwe Mpaka

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu yanaanguka tangu alfajiri na nje kuna baridi, lakini ndani ya chumba cha kufulia cha hospitali hii jasho linawatiririka wanawake saba. Mmoja wao, Mama Foronya kama wenzake wanavyomwita, anafumba macho mbele ya mashine namba mbili, anasali kimyakimya, kisha anaanza kukung'uta mashuka, moja moja.

"Namwomba Mungu vidole vyangu kumi virudi nyumbani salama," anasema. "Kuangalia, naangalia mwenyewe."

Ana miaka hamsini na miwili, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa humu. Kwa siku wanafua mashuka kama mia sita. Kwenye rafu ipo chupa ya plastiki yenye sindano kumi na moja, zote zilizotoka ndani ya mashuka kwa mwezi mmoja.

Ya kumi na moja ndiyo iliyozua kasheshe. Wiki mbili zilizopita ilimchoma kiganjani mfuaji mwenzake wanayemwita Shangazi, ambaye mpaka leo anameza dawa za kinga akisubiri vipimo. Mama Foronya alizima mashine zote, akapanda ngazi hadi wodi ya upasuaji na aproni yake iliyolowa, akamwambia muuguzi mkuu mbele ya wagonjwa:

"Dada, vitu vyenu vinatuchoma huku chini."

Wafuaji huwa hawapandi ngazi zile. Siku ya tatu akaletewa barua ya Kiingereza. Msimamizi wa kufulia, aliyeileta, akamweleza kwamba akitia sahihi kukubali kosa, yataisha. Asipotia kabla ya saa nne asubuhi ya leo, mkataba wake unaomalizika mwezi huu hautaongezwa.

"Nilielewa jina langu na tarehe," anasema huku akicheka. "Katikati palikuwa na neno lililonikwama kama mwiba wa samaki: 'overstepped'. Nikasema, mimi siweki sahihi kwenye kitu nisichokijua."

Mwaka wa pili huu anasoma Kiingereza jioni, katika darasa la watu wazima, kwenye dawati la watoto ambalo magoti yake hayaingii. Akampelekea mwalimu lile neno. Maana yake, akaambiwa, ni kuvuka mpaka, kufanya zaidi ya ulivyoruhusiwa.

"Na linatumikaje, mwalimu?"

Mwalimu akaandika mifano ubaoni. Karani alivuka mpaka. Mtumishi alivuka mpaka. Mwanafunzi alivuka mpaka. Mama Foronya akanyoosha mkono.

"Mbona wote wa chini? Bosi yeye havuki?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akakiri kwamba neno lenyewe linamfaa mtu yeyote, ila mara nyingi anayelitamka ndiye mwenye kiti.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kulitungia sentensi. Akaandika kwa Kiingereza kwamba sindano ilivuka mpaka. Mwalimu akaikata: sindano haina miguu, tafuta mtu. Akaandika upya: aliyeacha sindano ndani ya shuka alivuka mpaka. Safari hii akapata alama ya vema, kubwa, ya wino mwekundu.

Mumewe, fundi viatu, hakuona cha kushangilia. "Tia sahihi yaishe, mke wangu. Mtoto bado yuko shule."

"Baba watoto, siku tisa naliombea jambo hili. Kila nikiinuka magotini, kalamu inazidi kuwa nzito."

Saa nne kasorobo msimamizi anaingia. Ni kijana mpole, shati limepigwa pasi humu humu.

"Mama, ile barua."

Anampa. Mahali pa sahihi pana sentensi moja tu, ile ile ya darasani, kwa herufi za mtu anayeandika polepole. Msimamizi anaisoma mara mbili.

"Sasa hii ni nini?"

"Kiingereza, mwanangu. Neno ni lenu, nami nimelitumia."

Shangazi anakohoa kuficha kicheko.

"Unajua lazima niipeleke juu?"

"Ipeleke. Na waambie wanionyeshe huo mpaka. Mkataba wangu ni wa Kiswahili, nimeusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, sikuuona. Nilichokiona ni kwamba nihakikishe mashuka ni salama."

Anachotaka, anasema, ni sanduku la kutupia sindano katika kila wodi, hata likiwa la bati. Wakimwachisha kazi, atafua majumbani, na darasani haachi.

Msimamizi anaikunja barua taratibu. "Na ukikuta sindano nyingine, mama?"

Mama Foronya anajifuta mikono kwenye aproni, anawageukia wenzake sita.

"Mnisikie nyote, na Mungu anisikie. Nikikuta sindano nyingine ndani ya shuka, hata ikiwa siku yangu ya mwisho hapa, nitazima mashine na nitapanda ngazi."