Gauni la Krimplini la Dani

Nikisikia harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende, wivu hunipanda upya kana kwamba bado nina miaka tisa.

Harufu hiyo ilitoka kwenye sanduku la bati la Dani, kama Wajaluo tunavyomwita bibi, kijijini Luanda Kotieno. Kila likizo ya Agosti alilifungua ili gauni lake lipate hewa. Lilikuwa la krimplini, kile kitambaa kizito cha zamani kisichohitaji pasi, rangi ya papai lililoiva, lenye kola ya lesi na vifungo vilivyovikwa kitambaa hicho hicho. Babu alimletea kutoka Kisumu enzi za ujana wao. Miaka yote hiyo, na halikuwa na doa hata kwapani.

Dada yangu Atieno ndiye pekee aliyeruhusiwa kulijaribu, kwa kuwa alipewa jina halisi la Dani, na kwetu anayebeba jina lako ni kama wewe mwenyewe. Alizunguka nalo sebuleni, pindo likifagia sakafu. Niwaambieni ukweli, mimi nilisimama mlangoni nikiomba ajikwae.

Mwaka mmoja nilisusia chakula kwa sababu ya gauni hilo. Dani akachoka, akalipeleka kwa fundi sokoni likatwe magauni mawili madogo, sare kabisa, hadi kola. Nilifurahi mpaka Jumapili asubuhi, nilipomwona Atieno akitoka na lake. Roho iliniuma kuliko mwanzo. Nikalivua langu pale pale.

"Mimi siivai! Atieno ako na kama yangu."

Mama alikasirika. "Sasa shida yako ni nini? Si mmepewa sawa?"

Dani aliliokota gauni langu, akalikunja polepole, akalitia sandukuni, kisha akaniletea chai ya maziwa. Nilikunywa nikiwa nimenuna, nikidhani ananihurumia tu.

Juzi shangazi alinisimulia kwamba Babu, kwa kuwa alikuwa na wake wawili, hakuthubutu kumnunulia mmoja akamwacha mwingine. Alinunua kitambaa kimoja, akampa fundi mmoja, wakashonewa magauni mawili yasiyo na tofauti. Mke mdogo alilivaa lake kanisani mpaka likachakaa. Dani hakulivaa lake hata mara moja.

Nasi miaka yote tulidhani analitunza kwa sababu analipenda.