Vidole vya Mtoa Dawa

Kwenye chumba cha dawa, mimi nabandika lebo, dada ninayefanya naye kazi anakabidhi dirishani. Ana ugonjwa wa misuli aliourithi kwa mama yake: akikunja vidole, havikunjuki mpaka vyenyewe vipende. Basi chupa huitoa kwa vituo; kidole kimoja kinaachia, anasubiri, kingine kinafuata. Kope zimemlegea, maneno yanamtoka mazito, na watu humpaazia sauti kama kiziwi, au wanamruka na kuniuliza mimi, "Huyu anaelewa kweli?" Nami, Mungu anisamehe, huwa nacheka.

Jana asubuhi foleni ilifika mlangoni. Nilibandika lebo kwenye dawa ya homa, nikampa amkabidhi mama mmoja mwenye kichanga mgongoni. Mama akaishika chupa, yeye hakuachia. Mama akavuta. Foleni ikaguna. "Dada, achia basi, mtoto anaungua!" Nikasogea, nikaanza kumkunjua vidole kimoja kimoja, kama tulivyozoea. Vilikaza kuliko siku zote, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mkono umekwama tena, dada?" nikamnong'oneza.

Hakunitazama. Macho yake yalikuwa yakitoka kwenye lebo yangu kwenda kwenye cheti cha daktari, yakirudi.

"Cheti kinasema nusu mililita," akasema, kila neno likimngoja mwenzake. "Wewe umeandika tano. Leo haujakwama, kaka. Nimekataa kuachia."