Kanga Kwenye Kioo cha Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa utingo, mpakia mizigo, kwenye basi la Newala kwenda Masasi. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Dereva Mkuu aliyenifundisha alianza kwa kujaza upepo, maana breki za basi hufanya kazi kwa upepo, na mteremko wa Newala hautaki breki legevu. Kisha alipiga honi mara mbili. Ya kwanza, aliniambia, ni ya walioko stendi. Ya pili ni ya anayefunga mlango wa nyumba yake. Halafu alisubiri kidogo. Mimi nilidhani ni uzembe.

Miguu yangu haikutulia kwetu. Nilipata leseni, nikaendesha hapa na pale, mwishowe nikafika Muskati, Omani, kubeba wafanyakazi kwa basi. Msimamizi wa kule alinipa ratiba na agizo moja: mlango ukishafungwa, haufunguliwi. Abiria hawakunisalimu, nami sikuwasalimu. Lakini nisiwasingizie. Kulikuwa na mama mmoja mpishi aliyetoka kwake dakika tatu kabla ya basi kufika, kila siku, kwa kuniamini tu. Nayo ni heshima. Nilikaa miaka sita, nikaizoea.

Niliporudi, Tajiri, ndivyo tunavyomwita mwenye mabasi, alinipa njia ile ile. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili kamili, nikafunga mlango. Konda wangu, Mzee Hassani, akasema Mama Somoe hajafika, na jana alituma neno kuwa anakwenda Lulindi kumzika dada yake.

"Tiketi anayo?"

"Muskati imebaki Muskati, suka," akanijibu, kwa jina wanalotuitia madereva. "Huyu anajulikana."

Nikaondoa gari. Kwenye kona ya kutokea stendi, kioo cha kushoto kilinionyesha kanga ya manjano ikipungwa. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Basi lililofuata lilipasuka tairi njiani. Mama Somoe alifika makaburini watu wanakung'uta majembe.

Siku ya nne alipanda kule Lulindi, anarudi kwake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Akaketi kiti cha nyuma yangu. Tulipoanza kupanda mlima, akaniuliza polepole, "Siku ile uliniona?"

Ningeweza kusema hapana. Kulikuwa na ukungu.

"Nilikuona, mama."

"Afadhali. Nilikuwa najiambia labda kanga yangu imepauka."

Kule Muskati abiria angeandika barua ofisini kunishtaki, nami ningejitetea kwa ratiba. Hapa alinishukuru aliposhuka Newala.

Tangu siku hiyo nikarudia honi mbili. Saa sikuiacha, kwa kuwa aliyewahi naye ana safari yake. Ila baada ya honi ya pili nilisubiri kidogo.

Mwaka huu macho yamenistaafisha kabla ya umri; daktari wa hospitali ya Mkomaindo amenikataza usukani. Bado kila alfajiri najikuta stendi, kama mtu mwenye safari. Nilipomkabidhi funguo dereva mpya, aliyetoka kwenye malori ya masafa marefu, nilimwonyesha geji ya upepo, kona mbaya za mlimani, na kioo cha kushoto. Nikamwambia akitazame tena hata akishafunga mlango.

"Natazama nini, mzee?"

Sikupenda kuitwa mzee, lakini nilimjibu.

"Kanga."