Siku Mashine ya Gololi Iliposusa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa moja kasorobo asubuhi, shati nimelipiga pasi mpaka kola inanikwaruza shingo. Ilikuwa miaka miwili baada ya Mapinduzi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nimetoka kusomea umeme, najiona nshakuwa fundi. Fundi Mkuu wa karakana ya Serikali, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua na macho makali, hakukitazama hata cheti changu. Alinipa kipande cha msasa, akanionesha sanduku refu lenye miguu minne na kioo juu.

"Unaijua hii?"

"Hapana, bwana."

"Alhamdulillahi, angalau husemi uongo. Anza kusugua."

Ilikuwa mashine ya gololi. Mbili kama hizo ziliachwa katika klabu moja ya Mji Mkongwe wenyewe walipoondoka, zikaletwa kwetu zimejaa vumbi na mende. Nyinyi wajukuu zangu mnaocheza kwenye simu hamwezi kujua raha yake. Mchezaji huvuta fimbo yenye springi, akaifyatua gololi ya chuma ikapanda juu, kisha ikishuka anairudisha kwa mikono miwili midogo inayoendeshwa kwa vitufe vya ubavuni. Kila inapogonga, kengele hulia na magurudumu ya hesabu huzunguka. Gololi ikiponyoka katikati, imekwenda. Chini ya ubao kuna nyaya kama tambi zilizomwagika, na ncha za shaba ambazo zikishika kutu mashine hupotewa na akili. Ndizo nilizozisugua miezi mitatu, mpaka nikaota msasa.

Lakini kitu nilichokipenda zaidi kilikuwa timazi. Ndani ya sanduku kulining'inia kijiti chenye uzito ncha yake, kimepita katikati ya pete ya shaba. Mchezaji akiisukuma mashine kwa hila ili gololi ifuate njia anayotaka, kijiti hugusa pete, taa huzimika zote, mikono hulala, na gololi hupotea bure. Wachezaji walisema, "Mashine imesusa." Na kweli, ilikuwa na tabia ya mke wa pili aliyeonewa!

Katibu wa Michezo, bwana mmoja mpenda hotuba, aliona zile mashine zikipona, akaamua tuwe na ligi. Maskani nne, yaani vijiwe vya mitaani, ziliingia, pamoja na Jang'ombe na Mtoni, na michezo ilichezwa alasiri, baada ya watu kuswali. Mimi nikapewa kazi ya fundi wa ligi: kuzitunza mashine, na kuzipima kwa pimamaji kabla ya kila mchezo, ile fimbo yenye kibofu cha hewa, ili zisilale upande. Katibu akaweka sheria nzito: mchezaji atakayeisusisha mashine mara mbili katika mchezo mmoja ni mdanganyifu, anatolewa katika ligi moja kwa moja na maskani yake inashindwa. Siku ya ufunguzi nilipewa nafasi ya kusema. Nikasimama, kidevu juu, nikatamka, "Mashine haisemi uongo!" Watu wakanipigia makofi. Loo, ujana!

Mchezaji bora kisiwani alikuwa Makame, mtu wa Tumbatu aliyekuwa fundi cherahani kule Mtoni. Mwembamba, maneno yake ya kuhesabu. Wengine waliupigapiga ubao na kuuapiza. Yeye aliweka vidole ubavuni kama anayepapasa kitambaa. Nilimwuliza siri yake. Akasema, "Sindano huisukumi kwa hasira, bwana. Itakuchoma." Wateja wake walimwachia vitambaa vya harusi bila wasiwasi, na jina hilo la uaminifu ndilo lililomlisha yeye na wanawe.

Fainali ilikuwa baina ya Mtoni na Mji Mkongwe, katika sebule ya ghorofa ya kwanza ya nyumba moja kubwa ya mawe. Wiki hiyo hiyo Fundi Mkuu alikuwa ameniambia, "Nimekuandikia barua uthibitishwe kazini. Usinitie aibu." Baada ya adhuhuri nikaenda peke yangu, nikapima, nikakaza skrubu za miguuni, kibofu kikakaa katikati sawasawa. Nikatoka nnapiga mluzi.

Kijana wa Mji Mkongwe alicheza gololi zake tano mwanzo, watu bado wanaingia. Zamu ya Makame ilipofika, sebule ilikuwa haina pa kutia mguu. Gololi ya kwanza na ya pili alizicheza vizuri mno, hesabu ikakaribia, na watu wote wakasogea upande wake kutazama, wengine wakikanyaga sakafu kwa kishindo. Gololi ya tatu, taa zikazimika. Gololi ya nne, zikazimika tena.

"Mwizi!" mtu akapiga kelele. "Mwizi wa Mtoni!"

Katibu akanyanyua mkono. "Sheria ni sheria. Makame, ligi umeaga. Fundi wetu mwenyewe keshasema, mashine haisemi uongo."

Makame alinitazama. Hakusema kitu, midomo tu ilikuwa inamtetemeka. Nami nilikuwa nimevitazama vidole vyake muda wote. Havikusukuma hata kidogo. Nikahisi sakafu inacheza chini ya viatu vyangu, ndipo nikaelewa. Sakafu za nyumba zile zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti hupinda. Nilikuwa nimeipima mashine katika chumba kitupu!

Msinifanye shujaa. Nilinyamaza. Niliiona ile barua ya kuthibitishwa inachanika. Nilinyamaza mpaka Makame akachukua kofia yake na kugeukia ngazi, na watu hawampishi, wanamzomea. Hapo nikaona haya ambayo sijapata kuyaona tena maishani.

"Ngojeni!" nikasema. "Hebu tokeni nyote, mteremke chini."

Walinung'unika, lakini Fundi Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga makofi mara moja wakatoka. Nikaweka pimamaji juu ya kioo: kibofu katikati. Nikawaita warudi wasimame walipokuwa. Kibofu kikakimbilia pembeni. Nikaiwasha mashine, nikamwambia Makame aweke mikono nyuma, kisha nikawaomba watu wakanyage sakafu kama mwanzo. Taa zikazimika, na hakuna aliyeigusa.

Fundi Mkuu akasogea taratibu. "Nani aliyeipima mashine hii?"

"Mimi, bwana."

"Chumba kilikuwa na watu?"

"Kilikuwa kitupu. Kosa ni langu. Makame hana kosa."

Akaiokota pimamaji juu ya kioo, akanirudishia. "Fundi hupima chumba chenye watu," akasema. "Nendeni chini, mkacheze kwenye ardhi."

Mashine ikashushwa uani, mchezo ukaanza upya, na Makame akafungwa. Ndiyo, akafungwa, tena kwa pointi chache, na aliyemshinda akamkumbatia. Aliondoka anacheka. Mimi sikuthibitishwa mwaka ule; Fundi Mkuu aliichukua tena barua yake, akanirudisha kwenye msasa. Nilimkasirikia, wallahi. Leo namwombea dua kila Ijumaa, kwani nilipothibitishwa baadaye nilikuwa fundi kweli.

Ligi ilikufa mwanzoni mwa miaka ya sabini, vipuri vilipokosekana. Mimi nikapelekwa kwenye pampu za maji Mtoni, kisha kwenye misumeno ya mbao karibu na Jozani, na kila nilipofika nilipima mashine inafanya kazi, watu wake wamesimama mahali pao. Wakubwa wangu wapya walidhani ni maringo. Yalikuwa ni yale mafunzo ya sebuleni, na nashukuru nilifunzwa mapema, kabla sijawa na mashine ya kukata mtu mkono.

Nilipostaafu walinifanyia tafrija ndogo, hotuba nyingi, biskuti chache. Mzee mmoja mwembamba akaingia na mkongojo, kifurushi kwapani. Mkuu wetu wa idara, kijana mstaarabu, akamwamkia, "Shikamoo mzee. Nikusaidie?"

"Marahaba. Nimekuja kwa huyu," Makame akasema, akanikabidhi kanzu aliyoishona kwa mkono wake.

"Mnajuana wapi?"

Makame akanigeukia. Midomo ilimtetemeka kama siku ile, lakini safari hii alisema.

"Zamani palikuwa na chumba kimejaa watu," akasema, "wakaulizwa, nani? Huyu akasema, mimi."