Dari ya Chumba Namba Tisa

Wenzake kazini walimwita Msasa, kwa vile ukuta wowote aliopewa aliusugua mpaka ukateleza ndipo aupake rangi. Mchana kutwa alizipendezesha hoteli za watu huko ugenini alikokwenda kutafuta riziki. Jioni akarudi kulala chumba namba tisa, chini ya dari iliyovimba, yenye madoa ya kahawia, inayodondosha maji ya bafu la ghorofa ya juu.

Msimamizi wa jengo lile la wafanyakazi walimpachika jina la Bwana Kesho. Bomba limepasuka? Kesho. Lifti imekufa? Kesho. Msasa alimwendea mara kumi na moja, na mara ya mwisho alifuatana na binamu yake, aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja.

"Bosi, ile dari itatuua."

"Hamfi nyinyi. Wekeni ndoo," alijibu Bwana Kesho, huku akichokonoa meno.

Siku nne baadaye kipande cha dari, kikubwa kama meza, kilimwangukia binamu akiwa ameinama anafunga viatu. Bega likasagika. Kampuni haikuwa na haja na mbeba matofali wa mkono mmoja, ikamkatia tiketi ya kurudi nyumbani. Msasa alimbebea begi hadi uwanja wa ndege.

"Nenda, ndugu yangu," alimwambia. "Yule mtu niachie mimi."

Tangu siku hiyo akawa hali akashiba.

Haukupita mwezi, zikaja habari kwamba mkaguzi wa majengo angefika Jumanne. Bwana Kesho akabisha hodi mwenyewe, sauti tamu kama asali.

"Fundi wangu, hebu ziba hilo tundu, upake na rangi papendeze. Ya binamu yako tuyasahau, sawa?"

"Hakuna neno, bosi," Msasa akasema, akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

Akaziba kwa jasi, akasugua, akapaka nyeupe pe pe pe. Bomba bovu lililo juu yake hakuligusa. Alijua Bwana Kesho angefunga maji ya ghorofa ya juu hadi mgeni aondoke. Ndiyo ilikuwa desturi yake wakubwa wakija. Basi Msasa akapanda kwa jirani wa juu, mpishi wa hoteli, wakanong'onezana.

Jumanne asubuhi mkaguzi akaingia, mama mmoja wa miwani asiyecheka ovyo. Bwana Kesho alivaa suti ya kijivu.

"Vijana wetu hapa wako kama kwao," alisema.

"Kaa, bosi, umechoka na ngazi," Msasa akamvutia kiti, akakipima vizuri kwa jicho kiwe chini ya pale alipoziba. Kisha akatoka mlangoni, akakohoa mara tatu.

Huko juu mpishi akafungua koki kubwa ya maji iliyokuwa imefungwa. Mabomba yote ya bafuni alikwishayaacha wazi. Doa likajitokeza kwenye weupe ule, likatanuka. Tone la kwanza likamtua Bwana Kesho kwenye upara. Alipoinua uso, jasi iliyolowa ikamporomokea usoni, ikafuatiwa na maji ya bafu yenye nywele.

"Ni... ni unyevu kidogo tu, mama!"

Msasa akaweka mezani picha ya eksirei ya bega la binamu yake. "Huyu alikuwa akilala hapa, mama. Tulilalamika mara kumi na moja."

Jengo likafungwa siku ileile. Wapangaji wakahamishiwa bohari la kampuni, wakalala sakafuni wiki tano, na wengine walimtukana Msasa waziwazi. Aliyapokea yote, wala hakuomba radhi.

Bwana Kesho alifukuzwa kazi, na nyumba ya bure aliyopewa nayo ikaenda. Siku ya kuhama, Msasa aliomba ruhusa ya saa moja kazini, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Alimtazama akiburuta godoro kwenye mvua, peke yake, likimponyoka na kuingia matopeni. Mara mbili Bwana Kesho alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia.

Msasa alikunja mikono kifuani. Kisha akampigia simu binamu yake, akamsimulia polepole, akianzia kwenye suti.