Meza ya Mheshimiwa Evodi

Kasilda, mama anayeanika dagaa pale Ikola, alikuwa akimwona mbunge wao kwenye televisheni ya mgahawani tu. Mheshimiwa Evodi alikuwa kule Dodoma, viti vya nyuma, akigonga meza. Vipindi vinne vya ubunge, na kazi yake ndiyo hiyo. Waziri akisema lolote, anagonga. Akipewa nafasi, anasema, "Naunga mkono hoja," anakaa. Kasilda alikuwa akimtazama mpaka chai inamshinda.

Mwaka huu Mheshimiwa akaja kuomba kura tena, na kanga za kampeni. Alishiba samaki wao, akakalishwa mbele ya mkutano penye meza yenye kitambaa, akasinzia hapo hapo. Kasilda akasimama.

"Jamani, huyu mzee hajawahi kutusemea hata neno moja. Barabara ni ile ile, dagaa wanatuozea hapa. Nyie mnangoja nini? Mimi nasema apumzike, tutafute mwingine."

Watu wakapiga makofi. Makofi yakamshtua Mheshimiwa, lakini macho hayakufumbuka. Akagonga meza kwa viganja vyote viwili, akavuta kipaza sauti.

"Naunga mkono hoja."

Kasilda akatema mate chini. Miaka yote hiyo, leo ndiyo mara ya kwanza anawaunga mkono wao, na bado yuko usingizini.