Kila Mtu Acheze Kwake

Niliulizwa mara moja tu, na nilikuwa na nafasi ya kukataa. Rafiki yangu alikuwa amesimama juu ya ngazi za nyumba yake, mkono ukutani, nami nilikuwa nimekaa kwenye kidato katikati, natafuta pumzi. Mwanangu, ambaye hufanya kazi ya kompyuta Nairobi, alikuwa amekuja likizo na siku ile alinisindikiza. Akasema siku hizi hakuna haja ya wazee kuteseka na ngazi. Mchezo wetu ule ule wa kompyuta ungeweza kuchezwa kila mtu akiwa nyumbani kwake. Ukimaliza zamu yako unaituma kwa mtandao. Rafiki yangu aliniangalia mimi.

"Wewe waonaje, yakhe?"

"Sawa," nikasema. "Kila mtu acheze kwake."

Goti lilikuwa linaniuma, na niliona haya mwanangu kunikuta nimekaa ngazini kama gunia. Hizo ndizo sababu zangu mbili. Sina ya tatu.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Unapewa kundi dogo la wahamiaji mahali usipopajua, na pande zote ni giza. Unaanzisha mji, unalima, unajenga ghala, na kila ukipiga hatua giza linarudi nyuma kidogo: hapa mto, pale mlima, kule moshi wa mji wa mtu mwingine. Hakuna haraka. Dunia nzima inasimama kukungoja uamue, na ukimaliza ndipo inakuwa zamu ya mwenzio. Nimeona michezo ya wajukuu zangu, kidole kikiteleza umekufa. Huu unakustahi. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, kisha nikafanya kazi maisha yangu yote katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nikijaza fomu za shehena za watu. Ilikuwa lazima niombe ruhusa hata ya kwenda kunywa chai. Katika mchezo ule niliamua mwenyewe kama watu wangu wajue kwanza kusoma au kufua chuma, na hakuna aliyeniuliza nimepewa idhini na nani.

Rafiki yangu alikuwa muuza nguo wa Biashara Street tangu enzi za baba yake. Nyumbani kwao walisema Kikachi, lugha ya mababu zao wa Bara Hindi, lakini Kiswahili chake cha Mvita kilikuwa kizuri kuliko changu. Alipowaachia watoto duka, binti yake alimpandishia ghorofani kompyuta ya zamani ya dukani na kumtilia mchezo ule ili asikae bure. Siku ya tatu akaniita. Miji yake aliipa majina ya vitambaa: Bafta, Kaniki, Marekani, Melimeli. Yangu niliipa majina ya mitaa yetu. Siku moja nilisema kwa huzuni kwamba Kibokoni kuna njaa. Binti yake akaitikia kutoka jikoni, "Ami, natoka Kibokoni sasa hivi. Mahamri tele."

Kompyuta ilikuwa moja na sisi tulikuwa maadui wawili, kwa hiyo palihitajika sheria. Aliitunga yeye. Mmoja akicheza, mwenzake akae dirishani, mgongo kwenye kompyuta, na aseme kwa sauti kila anachokiona chini, barabarani Ndia Kuu. Atakayenyamaza, basi anachungulia. Hivyo ndivyo tulivyopitisha alasiri zetu, tangu sala ya Alasiri hadi karibu na Magharibi: mmoja anatawala dunia, mmoja anatangaza mtaa. Tuk-tuk imebanana na mkokoteni, hakuna anayetaka kurudi nyuma. Muuza vinyago ametundika kile kile cha jana. Mama fulani anataka kupunguziwa bei ya viatu, ameshaondoka mara mbili na mara mbili amerudi. Yeye alitangaza vizuri kunishinda. Alikuwa muuzaji, hata habari aliiuza. Mara ngapi niliacha jeshi langu limesimama mtoni ili nisikie mama yule alinunua kwa kiasi gani.

Manowari yangu ya kwanza niliijenga kwa muda mrefu sana, nikaipeleka kuushambulia mji wa Bafta, uliokuwa ukilindwa na askari mmoja mwenye mkuki na ngao. Manowari ikazama. Yeye alikuwa dirishani, akasikia naguna.

"Kuna nini?"

"Mtu wako wa mkuki amenizamishia manowari."

Alicheka hadi akashika nondo za dirisha. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, "Huyo ni mtu wa Bafta, sheikh. Usicheze na wauza nguo." Tangu siku hiyo hakukubali kumpa askari yule bunduki, hata tulipofikia zama za ndege. Alisema ataharibika tabia.

Yapo matoleo mapya ya mchezo ule, yenye picha za kupendeza. Mwanangu alituletea moja, tukalijaribu alasiri moja, kesho yake tukarudi kwenye letu. Tulikuwa tumeshayajua makosa yake, kama mtu anavyojua namna ya kuusukuma mlango wake unaokwama.

Basi nikasema sawa, na mwanangu akatuwekea kila mmoja kwake. Nakiri kwamba majuma ya mwanzo nilifurahi. Niliweka goti juu ya mto, nikacheza zamu yangu kwa dakika kumi, nikaituma. Kesho yake ilikuja ya kwake na maneno mafupi: "Mzima. Zamu yako." Nami nikajibu vivyo hivyo. Nilijiambia kwamba bado tuko pamoja. Nilimpigia simu mara chache, akasema alhamdulillahi. Msikitini sikumwona, lakini mimi pia nilikuwa nikisali zaidi nyumbani. Niliposikia kwamba miguu yake haimtii, nilimwombea shifaa, nikacheza zamu yangu. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi. Kwa tuk-tuk unafika kabla hujakaa vizuri.

Halafu akaanzisha vita. Mtu huyu hakuwahi kunichokoza miaka yote, kazi yake ilikuwa kujenga masoko na kuniudhi kwa utajiri. Sasa akavuka mto na kuuteka mji wangu wa Makadara. Nilifurahi kama kijana. Nilikula nikiwaza ulinzi, niliswaki nikiwaza ulinzi. Nikairudisha Makadara. Akaja tena, bila mpango, askari wake wametapakaa nyikani. Kisha akaiacha miji yake wazi, mmoja baada ya mwingine, bila mlinzi. Nikasema moyoni: mtego. Mzee huyu ni mjanja. Sikuingia hata mji mmoja. Nilijenga kuta, nikangoja, na mchezo ukarefuka.

Siku moja nilikwenda Biashara Street kununua kikoi. Binti yake alikuwa dukani, anapima kitambaa. Nikamwambia kwa kicheko amfikishie baba yake salamu, kwamba shetani amemwingia uzeeni, na mitego yake nimeiona yote.

Aliweka mkasi chini.

"Ami, Baba haoni. Sukari imemaliza macho yake. Tangu baada ya Idi ya mwaka jana."

Nikamuuliza nani basi anayecheza.

"Mimi. Mwanzo alikuwa akiniambia nifanye nini. Baadaye akachoka, akaniambia nicheze nitakavyo. Na akaniapisha nisikwambie. Alisema ukija kwa huruma hataki, anataka uje kwa kutaka." Alikuwa akikunja kitambaa kile kile na kukikunjua. "Nikafikiri mchezo ukiisha, utakuja mwenyewe. Nikakushambulia ili uniue, Ami. Hukuniua. Nikakuachia miji wazi. Hukuingia."

Kikoi nilikiacha mezani. Nilichukua tuk-tuk, na ngazi zile nilizipanda bila kupumzika. Goti liliuma, lakini lilipanda. Lingepanda siku zote.

Alikuwa kitandani, amekonda, uso ameuelekeza mlangoni. Nilimwamkia, akaijua sauti.

"Nani ameshinda?" akauliza.

Nikamwambia hakuna. Nikakaa kando yake na kumwomba msamaha, nikaeleza yote, hata haya niliyoona mbele ya mwanangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile nilitaka useme hapana," akasema. "Mimi sikuweza kusema. Goti ni lako, si langu." Kisha akanipapasa mkono. "Tumesameheana. Kaa."

Nilikwenda kila siku baada ya Alasiri. Hatukucheza. Siku nyingine alikuwa na maneno, akanisimulia habari za duka la baba yake. Siku nyingine alilala tu, nami nikamwangalia. Zilikuwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tulimzika kabla ya Adhuhuri.

Mwanangu simlaumu, alinitakia raha. Mchezo pia siulaumu. Bado naupenda, na kama kosa lingekuwa lake ningelisema. Wa kusema hapana nilikuwa mimi. Tangu Idi hiyo hadi karibu na ya mwaka uliofuata, rafiki yangu alikaa kipofu chumbani kwake akingoja nije, nami nilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwake na sikwenda. Mwaka wa mwisho wa maisha yake nilipata siku kumi na moja tu. Zilizobaki nilizitoa mwenyewe, pale ngazini, na hazirudi.